Barua Iliyosomwa Jukwaani

Kosa la Mama Pasi halikuwa kwenda kwenye muziki. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wapo watakaoisikia habari hii na kudakia, si mnaona, mtu mzima anavaa kofia pana anakwenda kurukaruka na watoto, yamemkuta. Hapana. Muziki haukumnyang'anya kitu. Kosa lake alilifanya mwaka mmoja kabla, nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, wala hakujua kama ni kosa. Alimfungulia mwanawe moyo, wote, bila kubakiza hata kipande cha kwake peke yake.

Mama Pasi alikuwa mfanyakazi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa. Jina la Pasi alipewa humo humo, kwa sababu koti la daktari likipita mikononi mwake lilirudi limesimama wima kama lina mtu ndani. Mtaani alikuwa Mama Chiriku, kwa ajili ya binti yake wa pekee, ambaye bibi yake alimbandika jina la Chiriku tangu ana mwaka mmoja na nusu, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Kwa hiyo kazini Mama Pasi, mtaani Mama Chiriku, na jina lake hasa hapakuwa na mtu wa kulitaja. Hilo lilimfaa sana. Maana jina lililokuwa kwenye faili la hospitali, jina alilolisaini kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, na dada yake alikuwa kaburini.

Ilikuwa hivi. Dada mtu alisoma mpaka akamaliza sekondari, akapata cheti, akaomba kazi. Barua ya kumwita kazini ilifika ameshalala kitandani na homa, na wiki mbili baadaye hakuwepo tena. Mdogo mtu, yaani huyu Mama Pasi, alikuwa ameishia darasa la saba, mume amekwenda kutafuta maisha na maisha yamemkubali huko huko pamoja na mke mwingine, na Chiriku ana miaka minne. Matanga yalipoisha, barua ilikuwa bado juu ya meza. Ilisema njoo Jumatatu. Akachukua barua, akachukua cheti, akaenda Jumatatu. Walifanana sura, tena hakuna aliyemtazama mara mbili. Mtu wa kufua mashuka yenye damu, nani amkague?

Miaka kumi na minne ikapita. Alifua, alinyoosha, alikunja. Hakuwahi kuchelewa wala kupewa onyo. Lakini kila alipoitwa ofisini, hata kama ni kwenda kupokea aproni mpya, alichukua mkoba wake kabisa, kama mtu asiyerudi. Alijua kuwa siku ikijulikana hatakuwa na neno la kujitetea. Kazi itakwenda, na miaka yote ile itakuwa kama hakuifanya mtu.

Siri hiyo waliijua watu wawili tu duniani. Yeye mwenyewe, na tangu mwaka jana, Chiriku.

Chiriku alikuwa anajaza fomu za chuo. Akapekua sanduku la mama yake kutafuta karatasi, akatoka na vyeti viwili vya kuzaliwa, kimoja huku kimoja huku.

"Mama, kati ya hawa wawili wewe ni yupi?"

Mama Pasi angeweza kudanganya. Mama mwingine angesema hicho ni cha ma'mkubwa wako marehemu, nimekihifadhi kwa ukumbusho, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka kubeba peke yake. Akaiweka mboga chini akasema yote, kuanzia homa mpaka ile Jumatatu, na jinsi alivyokaa siku nzima ya kwanza akiogopa kuitika.

"Hili ni langu, lako na la marehemu," alimalizia. "Likitoka nje ya mlango huu, tumekwisha."

"Mama jamani! Nimwambie nani?"

Chiriku alilia mpaka kwikwi, akamkumbatia. Kisha akajifuta macho, akamtazama mama yake kama anamwona upya, akasema, "Mama, maisha yako ni wimbo wa kantri kabisa."

Mama Pasi akacheka. Ndiyo, alicheka. Maana hata yeye kantri ilikuwa ndiyo ulevi wake.

Kule kufulia, mchana, redio moja ilikuwa na saa nzima ya nyimbo hizo: gitaa linalolazwa mapajani likalia kama mtoto anayetaka kubebwa, fidla ikajibu, na mwanamume akasimulia taratibu jinsi mama yake alivyouza ng'ombe wa mwisho, au mkewe alivyoondoka na koti lake kubwa. Mama Pasi alinyoosha kola kwa mwendo wa ngoma ile. Na mwimbaji aliyempenda kuliko wote hakuwa wa mbali. Alikuwa mtu wa hapa hapa, alijiita Kauboi. Bibi Mashuka, mwenzake wa kukunja, alizoea kumtania.

"Kauboi gani huyo? Huyo hajapanda hata punda."

"Kupanda si lazima, shoga. Anajua kulia."

"Hata kitunguu kinajua kuliza."

Huyu Bibi Mashuka inafaa aelezwe. Mashuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnalivuta likawambika, mnalipiga pamoja likatoa mlio, kisha mnaendeana mpaka vidole vinagusana na uso wa mwenzako uko puani pako. Mnarudi nyuma, mnaendeana tena. Mama Pasi na Bibi Mashuka walikuwa wamefanya hivyo miaka tisa. Ukikunja na mtu hivyo, unajua kama amelala vizuri, kama amegombana, kama amekula. Kumficha mtu wa namna hiyo kitu kwa miaka tisa si kazi ndogo. Mama Pasi aliiweza kwa kumtania tu, asimpe nafasi ya kumtazama kwa kituo.

Sasa, Kauboi alikuwa na utaratibu wake. Mashabiki walimwandikia barua, na kila onyesho alichagua moja, akaketi kwenye kiti kirefu katikati ya jukwaa, akaisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha akaimba. Sharti lilikuwa moja. "Mimi siimbi uongo," alisema. "Hadithi za kubuni pelekeni kwa wengine. Mimi nileteeni ya kweli." Aliyesomewa barua alikuwa mtu mkubwa kati ya mashabiki. Walimpa kofia nyeupe, walipiga naye picha, walimwita mwenye barua mwaka mzima.

Chiriku aliitaka kofia ile kama wengine wanavyotaka mume. Aliandika barua tisa. Aliandika kuhusu paka aliyepotea, kuhusu rafiki aliyehama, kuhusu baba aliyekwenda na hakurudi. Zote zilikuwa za kweli. Hakuna iliyosomwa.

"Za baba waliokimbia anapata gunia zima, mwanangu," Mama Pasi alimfariji. "Hata mimi ningekuwa yeye ningechoka."

"Kwa hiyo anataka nini?"

"Sijui. Labda kitu ambacho hakijasikika."

Maneno hayo yalimtoka kinywani mwake mwenyewe, na baadaye aliyatafuna sana.

Onyesho lilikuwa Jumapili saa tisa mchana, katika ukumbi wa mikutano ulio karibu na hospitali. Mama Pasi alijiandaa kama anakwenda kuolewa. Shati la mirabaraba alilitia wanga mara mbili, sketi ya jinzi akaipiga pasi ingawa jinzi haidai pasi, kofia akaiazima kwa jirani. Chiriku alimfunga kitambaa chekundu shingoni, akarudi nyuma kumtazama.

"Mama, leo utapendeza hata ukisimama mbele za watu."

"Nisimame mbele za watu nikafanye nini?"

"Nasema tu."

Foleni ilikuwa ndefu na ya furaha. Watu wazima wenye vitambi walivaa buti za kuazima zinazowabana, wakatembea kama wana malengelenge, na wengi walikuwa nayo kweli. Bibi Mashuka naye alikuwepo, na binti wa dada yake. Alikuja kumcheka mpanda punda, alisema, lakini alikuwa amenunua kofia. Na mbele yao, amevaa fulana yenye picha ya farasi, alikuwa afisa utumishi wa hospitali, yeye na mkewe.

Mama Pasi alitamani kurudi nyuma. Mtu yule ndiye aliyetunza mafaili ya watu wote. Lakini afisa alikuwa amekwisha kumwona.

"Haa! Mama Pasi! Na wewe ni mwenzetu?"

"Wa siku nyingi, bosi."

"Basi leo hakuna bosi. Leo wote ni wachunga ng'ombe."

Wakacheka. Ndani, wakati watu walipopanga mistari kucheza, afisa akawa mstari wa mbele yake, akikosea kila hatua, akigeukia kushoto wenzake wakigeukia kulia, na mkewe akimvuta fulana. Mama Pasi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alijiambia, kumbe ni mtu tu. Miaka kumi na minne nimemwogopa mtu asiyejua kushoto na kulia.

Kauboi akatoka. Ukumbi ukalipuka. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na kitu cha kwanza Mama Pasi alichokiona ni kola.

"Shati wamelinyoosha likiwa kavu," alimnong'oneza Chiriku. "Tazama linavyong'aa pale begani. Aniletee mimi."

"Mama, nyamaza basi, sikiliza!"

Alisikiliza. Jamani, aliimba yule mtu. Redioni sauti huja imechujwa, lakini pale ilikuja na pumzi zake, na gitaa lile la mapajani ukalisikia kwenye meno. Aliimba ule wa ng'ombe wa mwisho, na Mama Pasi akaimba naye neno kwa neno, mikono juu, machozi yakimtiririka, amesahau uchovu, amesahau kazi, amesahau jina. Kwa saa nzima hakuwa na hofu hata chembe. Kuna watu hawajawahi kupata saa kama hiyo, na kama habari ingeishia hapo ingekuwa habari njema.

Taa zikapunguzwa. Kiti kirefu kikaletwa. Ukumbi ukatulia wenyewe bila kuambiwa. Kauboi akavua kofia, akatoa karatasi mfukoni. Chiriku akamshika mama yake mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Hii," Kauboi alisema, "nimeisoma mara nne, na mara zote nne sikuimaliza vizuri. Mniombee."

Akaanza. *Mpendwa Kauboi, mama yangu ana majina mawili. Moja alipewa alipozaliwa. La pili alilivaa siku dada yake alipozikwa, ili mimi nipate kula.*

Watu wakaguna kwa huruma. Mama Pasi naye akaguna. Kweli tupu: alisikia maneno yale akamhurumia mama huyo, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti, "Maskini wee." Sikio lilikuwa limezoea kulilia watu wa kwenye nyimbo, halikujua kwamba leo ni yeye. Mpaka Kauboi aliposoma, *anafua mashuka ya wagonjwa, ana kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na kila asubuhi anasaini jina la marehemu na kumwomba msamaha.*

Hapo alijitambua. Akashika kiwiko chake bila kujua. Kila kitu kilikuwemo: homa, barua ya njoo Jumatatu, cheti, darasa la saba, miaka kumi na minne. Kauboi alisoma vizuri, taratibu, akipumzika panapofaa. Jina halikutajwa. Jina ndilo kitu pekee kilichoachwa.

"Chiriku," alisema. Sauti haikutoka.

"Sikutaja jina, mama," Chiriku alinong'ona, macho yanang'aa. "Sikiliza wanavyolia. Wanakulilia wewe."

Ni kweli walilia. Safu moja mbele, afisa utumishi alikuwa amevua kofia anajifutia uso. Upande wa pili Bibi Mashuka alikuwa amekaa wima, halii. Alikuwa amegeuka, anamtazama Mama Pasi, na safari hii alikuwa anamtazama kwa kituo.

Mama Pasi alipiga hesabu ya haraka. Kovu limefunikwa na mikono ya shati. Waliosikia ni mia tatu, na wafua mashuka wako hospitali nyingi. Akikaa kimya, akipiga makofi kama wengine, akitoka taratibu, Jumatatu anaweza kuiita barua ile hadithi tu ya muziki. Bibi Mashuka anaweza kubembelezwa. Kulikuwa na nafasi bado, nyembamba kama uzi.

Kauboi akaikunja karatasi. "Mwenye barua hii, na huyo mama, kama wako humu, wasisimame kama hawataki. Lakini kama wanataka, sisi tunataka kuwaona."

"Usithubutu," Mama Pasi alisema. Hilo lilitoka.

Lakini Chiriku alikuwa ameshasimama. Alikuwa na miaka kumi na minane, na kofia nyeupe ilikuwa inaletwa. Akashika mkono wa kushoto wa mama yake, akauinua juu, mikono ya shati ikateremka yenyewe, na taa ikawafuata.

"Ni huyu hapa! Huyu ndiye mama yangu!"

Ukumbi mzima ukasimama. Walipiga makofi, walipiga miluzi, wageni wa safu za nyuma walirusha kofia. Hakuna siku katika maisha yake Mama Pasi aliwahi kupendwa na watu wengi kiasi kile. Afisa utumishi naye alisimama akapiga makofi, kisha makofi yake yakaanza kupungua kasi, kisha mikono ikabaki imegusana tu kifuani.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku aliongea peke yake, kofia nyeupe kichwani. Walivyomkumbatia. Kauboi alivyosema barua kama ile hajaiona. Walipofika mlangoni ndipo akagundua.

"Mama, mbona husemi?"

"Ingia ndani."

"Umekasirika? Mama, hakuna mtu mbaya pale. Wote walikuwa upande wako!"

Mama Pasi alimtazama mwanawe, akaona kwamba anaamini kabisa anachosema. Hilo ndilo lilimvunja. Mtoto mbaya unajua umfanye nini.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Daftari la mahudhurio lilikuwa mezani. Akashika kalamu, akaishikilia, akaiweka chini bila kusaini. Bibi Mashuka alikuwa nyuma yake.

Walianza kukunja. Shuka la kwanza, la pili. Kwenye la tatu, vidole vyao vilipogusana, Bibi Mashuka akazungumza.

"Kila asubuhi unasaini marehemu, halafu unanipa mimi kalamu ingali na joto la mkono wako."

"Shoga..."

"Miaka tisa. Nilikwambia mimba zangu zilizoharibika. Nilikwambia la mume wangu. Wewe ukawa unanitania." Akalivuta shuka likawambika. "Mimi sitakusema popote, usiniogope. Ila kuanzia leo tafuta mwingine wa kukunja naye."

Saa nne akaitwa. Afisa utumishi alikuwa amevaa tai. Faili lilikuwa wazi mbele yake, na hakumkaribisha kiti mpaka alipokumbuka.

"Keti, mama." Akakohoa. "Jana nililia. Nataka ujue hivyo."

"Nilikuona, bosi."

"Watu wanne wameshanipigia simu tangu asubuhi. Ningekuwa sikuwepo, naapa, ningejifanya sijui. Ningesema ni maneno ya muziki. Lakini nilikuwepo, na wao waliniona nikiwepo. Nisipofanya kitu, nitaulizwa mimi."

"Nimefanya kazi miaka kumi na minne. Kuna koti moja limerudishwa?"

"Hakuna."

"Kuna siku nimekosa?"

"Hakuna, mama. Nimelipitia faili lote. Ni faili safi kuliko yote humu ndani." Akalifunga. "Lakini si lako. Cheti si chako, jina si lako, ile barua ya ajira haikukuita wewe."

"Mikono ilikuwa yangu."

Afisa alilisukuma faili pembeni.

"Mikono haimo kwenye faili," alisema.

Alimpa nafasi ya kuandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, ili yasifike kwa polisi. Aliiona hiyo kuwa ni huruma, na huenda ilikuwa huruma kweli. Ila mafao ya uzeeni, alisema, ni ya mwenye jina, na mwenye jina hawezi kuja kusaini. Mama Pasi alipouliza kama barua aiandike kwa jina lake au la dada yake, afisa alikwenda kuuliza chumba cha pili. Akarudi. Kwa jina la dada. Basi siku ya mwisho pia aliisaini kwa jina la kuazima.

Chiriku aliposikia alipiga kelele, akavua ile kofia, akakimbia kwa Kauboi. Alimpata kwenye chumba anachofanyia mazoezi, akamweleza yote kwa kwikwi: mama yangu amefukuzwa kwa sababu ya barua yangu, njoo useme kitu, watu wanakusikiliza wewe. Kauboi hakuwa mtu mkatili. Alimkalisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, na macho yake yakalowa vilevile kama siku ile.

"Pole sana, binti," alisema. "Pole kabisa. Hebu liandike na hilo. Onyesho lijalo nitalisoma."

Chiriku alirudi nyumbani akakaa kitandani mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo hakugusa redio. Mtu asidhani hakujuta. Alijuta mpaka akakonda. Aliacha habari za chuo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na mama yake wakifua nguo za watu, mama anapiga pasi, yeye anasuuza. Alimwomba msamaha asubuhi, akamwomba jioni.

"Nimeshakusamehe," Mama Pasi alimjibu kila mara, wala hakudanganya. Alikuwa amemsamehe kweli. Hakumpiga, hakumtukana, hakumsema kwa majirani. Alipika, wakala, wakafua, wakalala.

Ila hakumwambia kitu tena. Ilianza na mambo madogo. Alipoota ndoto ya dada yake, zamani angeisimulia kabla hata ya kunawa uso. Sasa aliamka nayo akaenda nayo kisimani. Bibi Mashuka alipopita njia ya pili bila kumsalimia, Chiriku aliuliza, "Mama, yule si mwenzako?" Akajibu, "Sijamwona." Binti alipouliza umeshindaje, ilikuwa nzuri. Umechoka? Hapana. Unawaza nini? Siwazi. Chiriku, ambaye bibi yake alimpa jina kwa kuongea, alijikuta anaongea na ukuta unaojibu kwa adabu.

Mwaka wa pili Mama Pasi alipapasa akakuta uvimbe chini ya kwapa. Aliutazama wiki tatu. Kisha siku moja akavaa gauni safi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kununua sabuni."

"Nikusindikize?"

"Sabuni inasindikizwa?"

Hakwenda ile hospitali kubwa. Alipanda gari mpaka zahanati ya mbali ambako hakuna aliyemjua, akakaa kwenye benchi toka asubuhi. Daktari, kijana mwenye koti lililokunjamana, alimpima, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Huna mtoto?"

"Ninaye. Mmoja."

"Safari ijayo uje naye. Haya si mambo ya kuyasikia peke yako."

Mama Pasi aliikunja karatasi ile mara nne, akaisukuma ndani ya sidiria. Akashukuru. Alipokuwa anarudi alipita dukani akanunua vipande viwili vya sabuni, avishike mkononi vionekane.

Chiriku alikuwa mlangoni, amepasha moto chakula mara mbili. Aliinuka haraka kumpokea.

"Mama, tangu asubuhi! Nilishaanza kuogopa. Kulikoni?"

"Foleni."

"Foleni ya sabuni, mama? Mpaka saa hizi?"

"Foleni," alisema, akampa sabuni, akaingia ndani.